Picha za Kweli, Saa ya Kutunga

Mjusi mchanga anachomoza kichwa mchangani. Ndiyo kwanza ameanguliwa. Mbele yake kuna ufuko mtupu, na ng'ambo ya ufuko kuna miamba ambako wenzake wakubwa wanaota jua. Anatulia. Nyoka anapita karibu na mguu wake, naye anatulia zaidi. Kisha anatoka mbio, na kwenye mianya ya mawe wanamiminika nyoka, wengi mno, hata mtazamaji anajikuta amenyanyua miguu kutoka sakafuni. Wanamdaka, wanamviringa, anachoropoka, anaruka, anafika.

Aliyetazama mfululizo wa BBC wa mwaka 2016, Planet Earth II, hajaisahau mbio hiyo ya kisiwa cha Fernandina katika visiwa vya Galápagos. Baadaye watayarishaji walieleza jambo lililowakera baadhi ya watu: ile haikuwa mbio ya mjusi mmoja. Ilipigwa kwa kamera mbili, mijusi walikuwa zaidi ya mmoja, na vipande vikashonwa pamoja kwenye meza ya mhariri.

Je, tulidanganywa? Swali hilo halina jibu moja, kwa sababu filamu ya wanyamapori si kitu kimoja. Ina picha, ina sauti, ina hadithi, na ina muda, na kila kimoja kina uhusiano wake na ukweli. Ukivichanganya utaishia ama kuamini kila unachoonyeshwa, ama kusema "hayo yote ni ya studio" na kujinyima raha. Mimi naona kwamba katika vipindi bora vya siku hizi picha ndiyo ya kweli kuliko vyote. Kilichotungwa zaidi ni muda, na huo ndio ambao hakuna anayeulalamikia.

Chukua hesabu za mfululizo huohuo. Ulikuwa na vipindi 6 vya saa moja moja. Kuupiga kulichukua zaidi ya siku 2,000 za kazi porini, katika nchi 40. Ukigawanya utapata kwamba kila dakika uliyoitazama ukiwa umeegemea kiti ina karibu siku sita za kazi nyuma yake. Na siku nyingi kati ya hizo hakikutokea kitu.

Hakikutokea kwa sababu nyika ndivyo ilivyo. Simba hulala, au hujinyoosha tu kivulini, kwa saa 16 hadi 20 kila siku. Akiamka akawinda, hukosa mara nyingi kuliko anavyopata. Mamba anaweza kukaa miezi bila kula. Chatu akishameza windo kubwa hana habari na dunia kwa wiki kadhaa. Mbio ni gharama, na mnyama asiyejua kubana matumizi ya nguvu zake hafiki mbali. Kwa hiyo ukienda kuangalia mwenyewe, kitu utakachokiona zaidi ni mkia unaofukuza nzi.

Mhariri hana la kufanya na mkia huo. Anachukua dakika nne zenye jambo, anaziunganisha na dakika tatu za wiki nyingine, na usingizi wote unabaki kwenye diski. Kinachotufikia ni nyika yenye vita mfululizo, ambako nyuma ya kila jani kuna jino. Hakuna fremu, yaani picha moja moja ya filamu, iliyo ya uongo, ila jumla yake imepinda. Ndiyo maana kuna wanaokwenda mbugani mara ya kwanza wakarudi wakinung'unika kwamba hawakuona kitu, kumbe wameona simba watano. Tatizo ni kwamba walikuwa wamelala.

Muda huchezewa pia ndani ya picha moja. Televisheni katika nchi nyingi huonyesha fremu 25 kwa sekunde. Kamera ikinasa fremu 1,000 kwa sekunde, kisha zikaonyeshwa kwa mwendo wa kawaida, sekunde moja inakuwa sekunde 40. Hivyo ndivyo mfululizo wa kwanza wa Planet Earth, wa mwaka 2006, ulivyowaonyesha papa weupe wa Afrika Kusini wakiruka na kutoka majini wakiwa na sili kinywani. Mruko wa sekunde moja ulinyoshwa mara 40. Uliona matone yakijitenga moja moja, uliona mwili mzima ukipinda hewani. Yote yalitokea kweli. Lakini hakuna sili aliyewahi kufa polepole namna ile, na hakuna jicho la binadamu lililowahi kuona hayo ufukweni. Tulichopewa ni maelezo ya tukio, kama vile daktari anavyokuza picha ya damu chini ya hadubini.

Mimea hutendewa kinyume chake. Kamera hutegeshwa mahali pamoja ikapiga picha moja kila baada ya dakika kadhaa, kwa siku au kwa miezi, kisha zikaonyeshwa kwa kasi. Mwingereza Percy Smith alifanya hivyo na maua mwaka 1910, na mbinu yenyewe haijabadilika sana tangu hapo. Mtambaa unaoonekana ukipapasa, ukinyakua, ukipanda juu ya jirani yake kama mkwezi, kweli hufanya hayo yote. Kilichotuzuia kuyaona ni kwamba saa yetu na saa yake haziendi pamoja. Hapa, nadhani, utungaji wa muda umetufunulia ukweli ambao macho matupu yasingeupata kamwe.

Sasa sauti. Wengi hushtuka wakijua habari zake.

Lenzi kubwa humsogeza duma aliye mbali hadi unahesabu sharubu zake. Kinasa sauti hakina lenzi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mnyama aliye umbali huo akikanyaga tawi, mlio wake unafika sekunde nzima baada ya picha, ukiwa umechanganyika na upepo, na injini ya gari, na mpigapicha anayejizuia kukohoa. Ndiyo maana picha nyingi za wanyama hupigwa kana kwamba ni bubu, na sauti hujengwa baadaye. Mngurumo wa simba ni wa simba kweli, ila pengine ni simba mwingine, wa mwaka mwingine, ulionaswa kwa kazi hiyo tu. Nyayo hutengenezwa studio na mtu anayetazama picha huku akigongagonga na kusugua vitu mbele ya kinasa sauti. Dubu mweupe akitembea kwenye theluji, ule mkwaruzo unaousikia huenda ni mfuko wa wanga wa mahindi unaobinywa kwa vidole. Ukijaribu nyumbani utaona unavyofanana.

Chini ya maji mambo ni magumu zaidi, maana anayepiga picha anapumua, na mapovu yake yana kelele. Watengenezaji wa Blue Planet II ya mwaka 2017 walitumia saa zipatazo 6,000 wakiwa wamezama. Bahari yenyewe haiko kimya: kamba wadogo wanaofyatua gando husababisha mchakacho usiokoma kwenye miamba ya matumbawe. Hata hivyo, ule mlio wa "fuuu" samaki mkubwa anapopita mbele ya kamera ni wa mtu aliyekaa kwenye kiti.

Ninavumilia nyayo za dubu. Buibui anayetembea kwa kishindo sivumilii, wala ua linalofunguka kwa mlio wa mlango wa zamani. Hapo mtengeneza sauti amevuka kutoka kurudisha kilichopotea hadi kuongeza kisichokuwepo. Lakini hilo ni suala la ladha kuliko la ukweli. Suala la ukweli hasa liko kwenye muziki.

Fanya jaribio. Tafuta sehemu yenye fisi, uzime sauti kabisa, kisha uitazame tena. Ngoma za chini zikiondoka, kile kivuli kinachonyemelea kinageuka kuwa mama anayerudi kwa watoto na chakula. Muziki ndio uliomhukumu. Na hukumu yenyewe ina kasoro, maana tangu miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk, akifanya kazi Ngorongoro na Serengeti, alionyesha kwamba fisi madoa huua wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba ndani ya kreta mara nyingi simba ndiye anayekuja kunyang'anya. Ila ngoma za chini hadi leo hupigiwa fisi. Simba hupigiwa fidla.

Turudi kwenye kushona vipande. Ili kujua kama ni udanganyifu ni vizuri kuelewa kwa nini kunahitajika. Mnyama anayewinda haombi ruhusa wala hazunguki kamera. Zamani mpigapicha aliyekuwa kwenye gari aliona mwanzo wa mbio, vumbi likafunika, na kama ana bahati akafika mwishoni mlo ukiwa nusu. Katikati palikuwa patupu, na pengo lilizibwa kwa picha za siku nyingine. Mwaka 2006 mambo yalibadilika kidogo. Kamera ilifungwa ndani ya tufe chini ya helikopta, ikatulizwa kwa jairoskopu, na kuendeshwa na mtu aliyekaa ndani ya ndege. Lenzi yake ilikuwa na nguvu kiasi cha kukaa juu sana bila kuwasumbua waliokuwa chini. Kwa njia hiyo mbwa mwitu wa Okavango, Botswana, walionekana wakiwinda swala pala tangu mwanzo hadi mwisho: nani anafukuza, nani anakata kona, nani anasubiri upande wa pili. Kilichojulikana kwa kukisia kikaonekana kwa macho. Sasa droni zinafanya sehemu ya kazi hiyo kwa gharama ndogo, na kamera za kutegesha, zinazojiwasha mnyama akipita, zimefanya mengine. Chui wa theluji wa Ladakh, India, walinaswa na mashine zilizoachwa peke yake milimani.

Hata hivyo kushona kunabaki. Napendekeza tutenge mambo matatu ambayo watu huyaita yote "kufoji".

La kwanza ni lile la mjusi: wanyama kadhaa wa kweli, mahali pa kweli, tabia ya kweli, wakaunganishwa kuwa mmoja. Mijusi wale hukimbizwa na nyoka wale kwenye ufuko ule, kila msimu wa kuanguliwa. Hakuna jambo jipya uliloaminishwa kuhusu ulimwengu.

La pili ni mahali pa kuigiza. Viumbe wadogo wa shimoni, kama panya, siafu na buu, mara nyingi hupigwa kwenye mashimo ya kutengenezwa yenye ukuta wa kioo. Mwaka 2011 kulitokea zogo kubwa Uingereza ilipofahamika kwamba watoto wachanga wa dubu mweupe katika Frozen Planet walipigwa kwenye bustani ya wanyama Ulaya, wakati picha zilizotangulia zilikuwa za Aktiki. BBC ilikuwa imeshaeleza hivyo kwenye tovuti yake, lakini msimulizi hakuyataja ndani ya kipindi. Sababu ya kutumia bustani ilikuwa nzuri, kwa kuwa ukiingiza kamera kwenye pango la mama aliyejifungua unaweza kuhatarisha watoto na wewe mwenyewe usitoke salama. Ila nadhani waliolalamika nao walikuwa na hoja. Sentensi moja tu ya msimulizi ingetosha, na watu wasingechukia. Wangependa kujua.

La tatu ni kubuni tabia, na huu ndio uongo wenyewe. Mwaka 1958 kampuni ya Disney ilitoa White Wilderness, filamu iliyoonyesha lemingi, panya wadogo wa kaskazini, wakijitupa baharini kwa mamia. Ilishinda tuzo ya Oscar. Miaka mingi baadaye, mwaka 1982, televisheni ya Kanada ilifichua yaliyofanyika. Lemingi waliletwa kutoka jimbo jingine, wakazungushwa juu ya sahani inayozunguka ili waonekane wengi, kisha wakasukumwa kutoka kwenye genge hadi mtoni. Ilipigwa Alberta, jimbo lisilo na bahari. Lemingi huhama kwa wingi wakizidi, na baadhi hufa wakivuka maji, lakini hawajiui. Leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, bado kuna watu wanaowatolea mfano lemingi kama viumbe wanaofuatana kwenda kujiua, wala hawajui wazo hilo walilipata wapi.

Na huo haukuwa mwanzo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikwenda Afrika Mashariki kuwinda. Mtengenezaji wa filamu William Selig hakumfuata. Alibaki Chicago, akatafuta mwigizaji anayefanana na Roosevelt, akanunua simba mzee, akampiga risasi ndani ya studio na kuuza filamu hiyo kama mawindo ya Afrika. Wakati huohuo Mwingereza Cherry Kearton alikuwa safarini kweli, akipiga picha za kweli za Roosevelt na wanyama. Filamu ya Chicago ndiyo iliyojaza kumbi. Ya Kearton ilionekana baridi: wanyama walikuwa mbali, na hawakufanya mengi. Wanyama wa kweli ndivyo walivyo.

Tangu hapo kila mtengenezaji amekuwa akijadiliana na kivuli cha Selig. Njia ya kisasa ya kuifanya hadithi isiwe baridi ni kumpa mnyama jina. Hapo kuna ngazi mbalimbali. Dynasties ya mwaka 2018 ilifuata familia halisi kwa muda mrefu, kila kipindi na mnyama wake, na ikakubali matokeo yoyote, yakiwemo ya simba wa Maasai Mara kulishwa sumu. Serengeti ya mwaka 2019, iliyosimuliwa na Lupita Nyong'o kwa watazamaji wa Marekani, ilitangaza wazi kwamba ni hadithi iliyotiwa chumvi ya tamthilia, yenye nyani mwenye wivu wa mapenzi aitwaye Bakari. Mzungumzaji wa Kiswahili anayemfahamu Bakari mwingine yeyote atapata shida kidogo kubaki na uso mkavu. Sina ugomvi na jina. Linamsaidia mtu kumtofautisha nyani huyu na yule. Ugomvi wangu huanza msimulizi anapoeleza mnyama anachofikiri. Anachofanya tunakiona wenyewe.

Watu huuliza pia kwa nini wapigapicha hawamwokoi mtoto wa swala. Jibu la kawaida ni kwamba duma naye ana watoto. Mwaka 2018, kwenye Dynasties hiyohiyo, timu iliyokuwa Antaktika iliwakuta ngwini wamenasa kwenye korongo la barafu na vifaranga vyao, ikachukua makoleo na kuchimba njia ya kupandia. Hawakumlisha mnyama, hawakumnyima mwingine riziki. Walichimba wakaondoka, na ngwini kadhaa wakapanda.

Kuna jambo moja ambalo hupunguzwa kuliko hata usingizi wa simba, nalo ni watu. Duma anayeonekana peke yake kwenye uwanda usio na mwisho anaweza kuwa amezungukwa na magari yaliyoachwa kwa makusudi nje ya fremu. Vijiji, ng'ombe, barabara, askari wa wanyamapori, vyote hukatwa. Mtindo huu una historia yake. Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walizunguka juu ya Serengeti wakihesabu nyumbu kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia. Michael alifariki katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959, na filamu yao ikapata Oscar. Iliamsha dunia kuhusu Serengeti, na hilo ni jambo kubwa. Lakini Grzimek aliamini pia kwamba hifadhi haipaswi kuwa na wakazi, hata wenyeji, na mwaka huohuo wa 1959 Wamasai waliondolewa kwenye hifadhi hiyo. Picha ya uwanda mtupu haikuwa picha ya uwanda uliokuwa mtupu. Ukiizoea sana, mfugaji akitokea kwenye fremu anaonekana kama mvamizi.

Kwa hiyo nikitazama siku hizi nina mazoea mawili matatu. Natafuta picha yenye mwindaji na mwindwa pamoja ndani ya fremu moja isiyokatwa, maana hiyo haishoneki. Naangalia vivuli: vikiwa virefu kisha vifupi ndani ya mbio ya dakika moja, najua siku mbili zimekutana. Naangalia sikio lililochanika: likionekana zima kwenye picha inayofuata, najua mnyama si yuleyule. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichonipunguzia utamu. Mbio ya mjusi nimeirudia nikihesabu mijusi, na nyoka wakitoka bado nanyanyua miguu.

Halafu nangoja mwisho, baada ya zile dakika kumi za kuonyesha wapigapicha wakipigwa na mvua, majina yanapopanda. Huko chini, baada ya wahasibu na wasafirishaji, hupita majina ya madereva na wasoma nyayo waliojua chui analala mti gani. Televisheni iliyoweza kuinyosha sekunde moja ya papa ikawa arobaini huyapitisha kwa kasi isiyosomeka. Nashika rimoti, nasimamisha picha, nayasoma.